Nani Alipie Kubahatisha? Migogoro ya Gereji na Magari Makuukuu Mbeya na Iringa

Mada kwa semina ya wamiliki wa magari na mafundi gereji wa Nyanda za Juu Kusini



1. Utangulizi

Ugomvi wa gereji tunaufahamu sote. Mwenye gari anasema, "Nimelipa, na ugonjwa uko palepale." Fundi anajibu, "Bosi, gari lenyewe limechoka." Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana hawapatani.

Wezi wa spea wapo, na wateja wadhulumati wapo. Lakini migogoro mingi haianzii kwao. Inaanzia pale fundi anapokisia ugonjwa, kifaa kikabadilishwa, hali isibadilike, na hakuna aliyesema mapema kwamba kukisia kukikosea hasara itakuwa ya nani. Swali la mada hii ni hilo: nani alipie kubahatisha?

2. Magari yetu na barabara zetu

Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania haijaweka ukomo huo. Huku umri unalipiwa. Gari dogo la miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Watu hulipa, gari likaingia, likatumika Dar es Salaam miaka kadhaa, kisha likapandishwa huku. Likifika Mwanjelwa ya Mbeya au Mlandege ya Iringa, mipira yake imekakamaa, plastiki zimeanza kupasuka, na historia ya matengenezo yake haijulikani.

Gari hilo linakutana na milima. Anayetoka pwani kwenda Iringa ataupanda mlima Kitonga. Anayetoka Mbeya kwenda Chunya ataanza na mpando mrefu, na anayekwenda Tunduma atashuka miteremko ya Iwambi na Senjele, ambako breki hupimwa kweli. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Katika gari, mfuniko wa rejeta ndio unaohifadhi presha ili maji yasichemke mapema. Mfuniko ukilegea, gari ambalo halikusumbua Dar es Salaam litachemsha Mbeya, na hapo ndipo ubashiri unapoanza.

3. Mfano: gari linalochemsha

Tuchukue gari la miaka 18 linalochemsha likipanda mlima. Sababu zinaweza kuwa nyingi: mfuniko, maji kupungua, feni isiyowaka, themostati iliyoganda, rejeta iliyoziba kwa sababu ya kujazwa maji ya bomba badala ya kulanti, pampu ya maji, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Zipo dalili za kuzitofautisha. Viputo vinavyotoka mfululizo kwenye rejeta injini ikinguruma, oili iliyogeuka rangi kama ya maziwa, na moshi mweupe usiokoma ni dalili za gasketi. Kupima presha ya mfumo wa maji kunaonyesha kama kuna mahali panapovuja.

Fundi makini huanza na cha bei ndogo na kinachopimika, akaishia na cha gharama kubwa. Fundi maiko huanza na kile ambacho duka la jirani wanacho. Leo themostati, kesho rejeta ya mtumba, keshokutwa pampu. Wiki ya pili anasema tushushe hedi. Tuseme, kwa namba za mfano tu, spea zimefika shilingi 380,000 na ufundi shilingi 120,000 kabla gasketi haijaguswa. Mwenye gari anakataa kulipa zaidi, fundi anakataa kutoa gari.

Tutenganishe hapa kosa la ufundi na uchakavu. Injini ikichemsha sana, hedi hupinda. Anayefunga gasketi mpya bila kuipeleka hedi ikapimwe, na ikibidi ikasawazishwe kwenye mashine, amefanya kazi mbovu. Gasketi ikiungua tena baada ya wiki, umri wa gari si utetezi. Lakini gasketi ikiwa imefungwa vizuri na baada ya wiki stata ikafa, fundi wa gasketi hahusiki. Aliahidi kazi moja tu, hakulidhamini gari zima.

4. Bili moja, vitu vitatu

Bili nyingi za gereji zetu huandikwa mstari mmoja: "Matengenezo, 500,000." Ndani ya mstari huo kuna vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina ugomvi wake.

Cha kwanza ni uchunguzi. Mafundi wengi hawautozi, kwa hiyo hawaufanyi kwa muda unaotosha. Mteja naye hapendi kulipia "kuangalia tu". Matokeo yake, gharama ya uchunguzi huhamia kwenye spea zisizohitajika. Kulipia saa moja ya kupima ni nafuu kuliko kununua pampu isiyo na kosa.

Cha pili ni spea. Hapa swali la msingi ni nani aliyenunua. Mwenye gari akijinunulia mwenyewe, kifaa kikiwa feki anamrudia mwenye duka. Fundi atajibu kwa namna alivyokifunga. Fundi akinunua na kumuuzia mteja, basi amekuwa muuzaji, na ubora wa kifaa uko mikononi mwake. Cha juu anachoongeza kitajwe. Kwenda dukani, kuchagua na kubeba ni kazi inayostahili malipo. Kinachovunja uaminifu ni kuficha.

Cha tatu ni ufundi wenyewe. Ukubaliwe kwa kazi, si kwa siku, kwa sababu kijana wa spana akiwa mzito mteja hapaswi kumlipia uzito huo.

5. Sheria inasemaje

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kwamba makubaliano ya gereji lazima yawe ya maandishi. Neno la mdomo linafunga. Ugumu wake ni kulithibitisha. Ujumbe wa simu unasaidia: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki, hivyo picha ya kifaa na maneno "sawa, badilisha" vina uzito.

Sheria hiyo ya mikataba inampa fundi haki ya kulishikilia gari hadi alipwe ujira wa kazi aliyoifanya kwenye gari hilo, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Wateja wengi hawalijui hili, wakadhani polisi watawatolea gari. Lakini haki hiyo ina mpaka: ni ya ujira wa kazi hiyo, si ya kubuni bei baadaye. Na gari likiwa mikononi mwake, fundi anawajibika kulitunza kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake. Kulipeleka harusini Jumamosi hakumo katika makubaliano. Likipata ajali huko, mzigo ni wake.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kumuuzia kitu kilichotumika kana kwamba ni kipya. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria hiyo, ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Kwa kudai fedha, mlango ulio karibu ni Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili. Fundi anaweza kumdai mteja, na mteja akadai chake katika shauri hilohilo.

Risiti ya mashine ya kielektroniki, EFD, ni ushahidi bora kuliko karatasi ya daftari. Mashine hizi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na sheria inambana muuzaji asiyetoa risiti pamoja na mnunuzi asiyeidai.

6. Mwenyeji na msafiri

Ugomvi wa Iringa na wa Mbeya haufanani kabisa. Ipogolo ya Iringa iko kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Gari linaloletwa pale mara nyingi limetoka kupanda Kitonga, na mwenyewe ni mpita njia mwenye familia ndani na giza linaingia. Hana fundi mwingine wa kumuuliza, na fundi anajua hatamwona tena. Msafiri wa namna hiyo asikubali injini ishushwe njiani. Aombe kazi ndogo ya kumfikisha mji mwingine, apige picha kila kinachofunguliwa, na vifaa vilivyotolewa aondoke navyo.

Mwenyeji wa Mbeya ana nafasi zaidi. Spea za Mwanjelwa anaweza kuzilinganisha bei kwa miguu, na jina la fundi linajulikana mtaani. Kwake yeye, silaha kubwa ni kwamba fundi anahitaji arudi. Asiitupe kwa matusi siku ya kwanza.

7. Serikali nayo ina kesi hii

Msidhani mteja mdogo yuko peke yake. Magari ya umma hushughulikiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, wenye karakana mikoani, na malalamiko ya taasisi za umma kuhusu bei na ucheleweshaji wake yamesemwa hadharani mara nyingi. Kanuni za Ununuzi wa Umma za 2013 ziliweka utaratibu wa TEMESA kulikagua gari kabla halijapelekwa gereji binafsi, na kulikagua tena baada ya matengenezo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia kuzinyooshea kidole halmashauri zilizotengeneza magari bila ukaguzi huo.

Serikali yenye wanasheria na wahandisi imeona kwamba bila jicho kabla na jicho baada, bili haiaminiki. Mwalimu wa Rungwe mwenye gari moja anauhitaji utaratibu huo zaidi.

8. Mapendekezo

Kwanza, kila gereji iwe na karatasi ya kupokelea gari: malalamiko ya mteja kwa maneno yake, kilomita zilizosomeka, vitu vilivyomo ndani, na kikomo cha fedha ambacho fundi hatakivuka bila kupiga simu.

Pili, uchunguzi uwe na bei yake, na majibu yake yaandikwe katika moja ya namna mbili: "nimepima, nina hakika" au "sina hakika, tujaribu".

Tatu, hasara igawanywe kwa kufuata maneno hayo. Fundi aliyesema ana hakika na akakosea, arudishe ufundi, na kifaa kikibaki kwenye gari mteja alipie bei ya dukani bila cha juu. Aliyesema "tujaribu" na mteja akakubali, alipwe vyote. Mteja aliyekataa kulipia kipimo asimlaumu fundi kwa kubahatisha. Amechagua kubahatisha yeye mwenyewe.

Nne, kifaa kilichotolewa ni mali ya mwenye gari. Arudishiwe bila kuomba.

Tano, ugomvi ukizuka, fundi wa kwanza apewe nafasi ya kurekebisha. Akishindwa, fundi wa pili afungue mbele ya wa kwanza, picha zikipigwa. Mteja alipe sehemu isiyo na ubishi siku hiyohiyo, kibaki cha kubishaniwa peke yake. Mwenyekiti wa mtaa au wazee wa gereji wasikilize kabla ya FCC na mahakama.

Sita, mafundi waliojifunza kwa kushika spana, bila kupita chuoni, wajitokeze kwenye vituo vya VETA vya Mbeya na Iringa ambako ujuzi wao unaweza kupimwa na kutambuliwa kwa cheti. Cheti hakitengenezi gari, lakini kinampa mteja sababu ya kuamini neno "nina hakika".

9. Hitimisho

Ndugu washiriki, magari yetu yataendelea kuwa makuukuu kwa miaka mingi, na kukisia hakutaisha. Kinachowezekana ni kukisia kwa uwazi na kwa gharama iliyokubaliwa. Ninawaomba wenye gereji mlio hapa muanze na jambo moja tu, karatasi ya kupokelea gari, kabla ya kufungua boneti nyingine. Na wenye magari, msiache funguo mahali ambapo karatasi hiyo haipo.