Udongo Kabla ya Mfuko: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Mkulima, Tosamaganga



Kabla ya kuketi hapa nimetembezwa kwenye shamba darasa hili. Kwenye maharage, bibi shamba aling'oa shina moja akapasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Ndani chekundu kama nyama mbichi. Wapo wanaodhani ni ugonjwa. Wekundu ule maana yake bakteria wako kazini, wanavuna naitrojeni ya hewani, ileile tunayoinunua dukani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni.

Mbolea imetubeba Nyanda za Juu Kusini, tusiikane. Lakini mbolea ya SA ikiwekwa msimu baada ya msimu huongeza tindikali. Pale pH ya udongo inaposhuka sana chini ya 5.5, alumini huing'ang'ania fosforasi: unaweka DAP, mbolea ya fosforasi, mahindi hayafaidi. Hapo kuongeza mfuko ni kuongeza deni. Pimeni udongo kwanza, pengine unachodai ni chokaa.

Wanaowaambia muache mbolea ya dukani msimu huuhuu, mimi siwaungi mkono. Shamba lililoizoea likikatiwa ghafla, nyumba italala njaa. Punguzeni kadiri udongo unavyorudisha nguvu.

Na tusiende mbali kujifunza. Wamatengo wa Mbinga hulima ngoro milimani: nyasi hupangwa, hufukiwa na kuoza, na mashimo hushika maji ya mvua. Kule Peramiho, Padre Gerold Rupper, Mbenediktini, alihubiri marejea, mmea wa kurutubisha udongo, pamoja na Injili. Marejea hufunika magugu, na yakianza kuchanua, kabla mashina hayajawa magumu, hulimiwa chini. Anzeni na kipande kidogo, mlinganishe wenyewe.

Kikwazo mnakijua. Tukishavuna, ng'ombe na mbuzi hufunguliwa, wanamaliza mabua na kila kibichi. Kinachosalia tunakichoma moto. Mkulima mmoja hawezi kulinda marejea yake peke yake. Mwenyekiti wa Kijiji, naomba Halmashauri ya Kijiji ipeleke suala hili kwenye mkutano mkuu kabla ya mavuno, itungwe sheria ndogo. Wenye mifugo wawepo na wasikilizwe, maana samadi yao tunaihitaji, na wao malisho wanayahitaji.

Baada ya kusema hayo, natamka kuwa shamba darasa hili limefunguliwa rasmi.