Mtoto Huwa Vile Atazamiwavyo



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya watoto wetu wa chekechea, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kila asubuhi watoto walikaa duara mkekani, tukasimuliana hadithi na kuulizana maswali. Alikuwapo mmoja mkimya, nami moyoni nilikwisha mhukumu kuwa ni mzito. Nilipomwuliza, kabla hajafumbua kinywa nilimgeukia mwenzake. Baada ya miezi mitatu hata kichwa hakukiinua tena. Siku moja shangazi yake akaniambia kwamba nyumbani mtoto huyo huwasimulia wadogo zake hadithi zangu zote. Niliona haya.

Hapo ndipo nilipotafuta maarifa. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walitoa kitabu juu ya shule moja ya California, Marekani. Walimu waliambiwa kuwa kiasi cha mtoto mmoja katika kila watano ataendelea upesi. Kumbe watoto hao walichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka ulipokwisha, katika madarasa mawili ya chini kabisa, waliotajwa waliongezeka kuliko wenzao katika mtihani wa akili. Wataalamu wamebishana sana juu ya ukubwa wa jambo hilo, na wengi waliona ni dogo kuliko lilivyosemwa kwanza. Lakini dogo si sawa na hakuna.

Naye Mary Budd Rowe, mwaka 1974, alieleza kuwa walimu wengi hungoja jibu kiasi cha sekunde moja tu, na adhaniwaye dhaifu hungojewa kidogo kuliko adhaniwaye hodari. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wale waliokuwa kimya wakaanza kusema.

Yaani mtoto husoma jicho la mwalimu kabla hajajua kusoma herufi.

Basi nikaanza kumngojea yule wangu, nikihesabu moyoni hadi tano. Wiki ya kwanza hakujibu. Wiki ya pili alitaja jina la mnyama wa hadithi, kwa sauti ndogo, duara zima likageuka kumtazama.

Wazazi wenzangu, nawasihini: mnapomleta mtoto shuleni, msimwambie mwalimu mbele yake, "Huyu hana akili." Atalisikia, na mwalimu atalisadiki. Nasi walimu tumngojee kila mmoja sawasawa.