Mrusha Droni Afundishwe Kwanza

Mazungumzo haya yameandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Serikali wa Bondeni, wilayani Kyela.



Ndege isiyo na rubani, ambayo wengi wameizoea kwa jina la droni, hubebwa mkobani na huweza kununuliwa na yeyote mwenye fedha. Udogo huo ndio unaowahadaa watu. Mtu asiyethubutu kushika usukani wa basi bila leseni huona si kitu kurusha chombo cha kilo mbili juu ya soko lililojaa wananchi. Lakini kilo mbili zikianguka kutoka mita mia moja, huweza kuua.

Sheria ya jambo hili si ngeni. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa usafiri wa anga duniani, unaeleza katika Ibara ya 8 kwamba ndege isiyo na rubani haitaruka juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Kwa wakazi wa Bondeni jambo hili liko mlangoni. Mto Songwe ni mpaka na Malawi, nao una tabia ya kuhama mkondo wakati wa mafuriko. Droni inayopiga picha za mashamba ya mpunga ukingoni mwa mto huweza kuvuka mpaka kwa dakika moja, na mrushaji asitambue. Ziwani nako, suala la mpaka limekuwa likijadiliwa baina ya nchi hizi mbili tangu miaka ya 1960.

Hapa Tanzania, mwenye droni hana budi kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na vyombo vya ulinzi huhusika katika kukitoa. Utaratibu huo ni wa haki. Hata hivyo, kibali peke yake hakimfanyi mtu kuwa mjuzi.

Tuseme droni ina uwezo wa kwenda mita 12 kwa sekunde, na upepo unavuma mita 9 kwa sekunde kuelekea ziwani. Ikisukumwa na upepo, itakwenda mita 21 kwa sekunde, na mrushaji atafurahi. Ikigeuka kurudi, itabaki na mita 3 tu. Safari ya kurudi itachukua muda mara saba ya ile ya kwenda, na betri itakwisha juu ya maji. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, lakini asiyeifanya kabla ya kurusha hupoteza chombo, na pengine hujeruhi wavuvi. Pale Matema, milima ya Livingstone inapoinuka ghafla kutoka ufukweni, upepo hubadilika upesi. Wavuvi wanalijua hilo. Mgeni aliyetoka mjini na droni yake halijui.

Je, basi droni zipigwe marufuku? La hasha! Ufukwe wa mashariki, kuelekea Ludewa, una vijiji ambavyo kwa miaka mingi vimetegemea mitumbwi na meli. Sampuli ya damu au dawa ya dharura inayosubiri ziwa litulie ni suala la uhai wa mtu.

Majirani wamekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2016 Malawi ilijaribu kusafirisha sampuli za damu za watoto wachanga kwa droni mjini Lilongwe. Mwaka 2017 ilitenga anga ya majaribio Kasungu, na mwaka 2020 chuo cha droni kikafunguliwa Lilongwe ili vijana wa Afrika wafundishwe kuzirusha na kuzitumia. Zanzibar nako, katika kazi ya kuchora ramani ya visiwa iliyoanza mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walifundishwa kurusha droni wenyewe, badala ya kazi yote kuachiwa wageni.

Funzo ni dhahiri: sheria hutiiwa pale ambapo elimu yake inapatikana. Chuo cha Usafiri wa Anga kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kyela. Kijana wa Bondeni akiambiwa asome huko kwa gharama zake, ama ataiacha droni, ama atairusha kwa kujificha. Inafaa mafunzo yasogezwe Mbeya, kwenye vyuo vilivyopo, na yahusu hali ya hewa, usomaji wa ramani, utunzaji wa betri, mipaka, na heshima kwa faragha ya watu.

Wakati hayo yakisubiriwa, mtendaji wa kijiji anayo kazi yake. Mgeni akifika na droni, aulizwe kwa adabu: kibali kiko wapi, nani atairusha, amefundishwa wapi, na itaruka juu ya nani? Kuuliza si ujinga. Naye mwalimu awape wanafunzi hesabu ile ya upepo, kwani warushaji wa kesho wameketi darasani mwake leo.