Chombo Kinachojibu ni Kipi?

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya maabara. Nimechagua jambo dogo: namna ya kuunganisha chombo cha kupimia, tuseme osiloskopu, na mtandao wa kompyuta.

Zamani vyombo hivi viliunganishwa kwa kebo nene iliyobuniwa na kampuni ya Hewlett-Packard, ambayo mwaka 1975 ilifanywa kanuni rasmi kwa jina la IEEE 488. Mfumo mzima haukuzidi vifaa 15, kompyuta ikiwamo, wala meta 20 za kebo. Namba ya chombo mara nyingi iliwekwa kwa swichi ndogo mgongoni mwake. Fundi aliiona kwa macho yake. Tangu kanuni ya LXI ilipotolewa mwaka 2005, vyombo vingi hutumia waya ule ule wa kompyuta za ofisini, na anwani imejificha ndani.

Anwani yenyewe si ngumu. Chukueni 192.168.1.20 pamoja na namba ya pili, 255.255.255.0. Hiyo ya pili ni mpaka wa mtaa: inasema mafungu matatu ya kwanza ni mtaa, la mwisho ni nyumba. Kompyuta yenye 192.168.1.5 ni jirani. Yenye 192.168.2.5 iko mtaa mwingine, na haifiki bila kupita langoni.

Chombo kipya kwa kawaida huomba anwani kwa seva. Kikikosa jibu, vingi hujipa anwani inayoanza na 169.254. Mkiiona hiyo, msikimbilie bisibisi. Kagueni waya na seva kwanza.

Ubaya ni kwamba seva yaweza kutoa anwani nyingine kesho, na ile ya zamani ikapewa chombo cha aina ile ile katika meza ya jirani. Programu itauliza, nacho kitajibu kwa adabu, na desimali zote, ilhali mita ya umeme ya mwananchi aliyelalamikia bili yake imefungwa kwenye chombo kingine. Cheti kitatiwa sahihi, naye atalipa au atasamehewa kwa kipimo kisicho chake.

Kwa hiyo chombo cha kutolea vyeti kipewe anwani ya kudumu, ama kwa kuhifadhiwa katika seva, ama kwa mkono, nje ya zile ambazo seva inagawa. Iandikwe katika daftari. Wengine hubandika karatasi. Mimi siiamini sana, hubanduka. Naamini zaidi amri fupi, *IDN?, ambayo chombo huijibu kwa kutaja mtengenezaji, aina, namba ya utambulisho na toleo la programu yake. Kila upimaji uanze nayo. Namba ikitofautiana na ile ya cheti cha urekebishaji, kazi isimame.

Tena, vyombo vingi hupokea amri kupitia mlango namba 5025 bila kuuliza nywila. Visiwekwe katika mtandao wa wageni. Maabara iwe na wake.

Osiloskopu moja ipo meza ya pili katika maabara ya Fizikia. Baada ya chai, wanafunzi waje waipe anwani wenyewe.