Agizo la Mazoezi Lisiishie Mezani

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Kimamba, wilayani Kilosa)



Mwezi Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi ya viungo nchini. Sababu ilikuwa nzito: shinikizo la damu na kisukari vinawaandama wananchi. Swali langu ni moja. Agizo kama hilo hupita mlango gani hata limfikie mtoto wa Kimamba?

Tuifuate njia yake. Sera ya michezo ni ya wizara yenye dhamana ya michezo, na Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria tangu 1967. Kinga ya maradhi ni ya Wizara ya Afya. Mitaala ni ya Wizara ya Elimu. Lakini shule yenyewe, zahanati yenyewe na afisa michezo mwenyewe wapo chini ya Halmashauri ya Wilaya, ambayo husimamiwa na TAMISEMI. Hivyo barua tatu zaweza kuteremka kwa njia tatu, zikamwangukia Mwalimu Mkuu mmoja asiye na mpira wala kiwanja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Yupo atakayesema kwamba huu ni mji wa mkonge na reli, na mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri hahitaji kufundishwa mazoezi. Ni kweli, wala sera isimdhihaki mkulima huyo. Lakini sisi tulioketi hapa tunashinda vitini, na watoto wetu tunawakalisha madawatini. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wastani wa dakika 60 kila siku. Jumamosi moja kwa mwezi haiwezi kutimiza hayo. Mashindano ya UMITASHUMTA nayo huwachukua wenye vipaji. Je, wale wanaobaki?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Halmashauri imteue mtumishi mmoja wa kupokea maagizo yote ya mazoezi na kuyajibia. Pili, Kamati za Maendeleo za Kata za Kimamba A na Kimamba B zikae pamoja na Afisa Ardhi, viwanja vya shule vipimwe na kulindwa visivamiwe. Tatu, kipindi cha michezo kisigeuzwe kuwa cha hesabu kila mtihani unapokaribia. Hili la tatu halingoji fedha wala waraka. Li mikononi mwenu, ndugu walimu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotaka kuliunga mkono Azimio la Arusha alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Kiongozi alitangulia, watu wakafuata. Nasi tukitaka watoto wakimbie, tuonekane kiwanjani.