Kompyuta Kuukuu na Mfumo Endeshi Huru: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumkabidhi Fundi



Mada yetu inahusu kompyuta mpakato kuukuu, zile ambazo wengi wenu mmezipandisha juu ya kabati mkingoja siku ya kuzitupa au ya kumpata mnunuzi asiyeuliza maswali mengi. Tungeweza kuanza na faida za kuzifufua. Tumeona heri tuanze na lalamiko lililofika ofisini kwetu, kwa kuwa ndilo lililotufanya tuiandae mada hii.

Mlalamikaji alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, VICOBA kama tulivyozoea kusema. Kompyuta ya kikundi ilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na kabla haijawaka mtu angeweza kuchemsha chai na kuinywa. Fundi wa mtaani aliwashauri wasinunue nyingine: angewawekea mfumo endeshi wa bure uitwao Linux Mint, nao wangelipa ujira wake tu. Ushauri huo ulikuwa mzuri, na tunasema hivyo bila kusita. Siku ya pili mashine ilirudi ikiwaka upesi na kufungua kurasa za intaneti bila kukwama. Lakini hesabu za kikundi za miaka minne, yaani hisa, mikopo na marejesho ya kila mwanachama, zilizokuwa zimehifadhiwa katika sehemu ya diski yenye herufi D, hazikuwamo tena.

Fundi alijitetea kwamba aliuliza kama kuna kitu cha kuhifadhiwa, akajibiwa kuwa kila kitu cha maana kiko D. Katibu alikiri kujibu hivyo. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na wala hawakuwa wakizungumzia jambo moja. Kwa miaka mingi mafundi wetu, wanapopiga Windows upya, hufuta sehemu C peke yake na kuiacha D; wateja nao wakazoea kuiona D kama sanduku la chuma. Programu ya kusakinisha Linux haina mazoea hayo. Chaguo lake lililo jepesi kuliko yote ni kufuta diski nzima, C na D na chochote kingine kilichomo. Herufi hizo zenyewe ni majina ya Windows. Nje ya Windows hazitumiki.

Tutarudi kwa katibu huyo. Kwanza tueleze kwa nini maswali ya namna hii yameongezeka.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Wenye kompyuta binafsi wanaojiandikisha huongezewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki siku hiyo ikifika. Huendelea kuwaka kama jana, ila udhaifu mpya unaogunduliwa katika mfumo huo haupati tiba tena, na anayeumia ni yule anayeitumia mashine hiyo kwa barua pepe, benki na fomu za serikali. Windows 11, ambayo ndiyo mrithi, inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Sharti hilo la prosesa ndilo linaloziacha nje nyingi ya kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Ndipo mwenye mashine nzima, yenye kioo kizuri na kibodi isiyo na dosari, anapoambiwa kuwa imekwisha.

Wapo wanaopita njia ya mkato. Hulipia Windows iliyovunjwa leseni, na ili ikubali kufanya kazi huambiwa wazime kwanza programu ya kuzuia virusi. Tafadhali litafakarini sharti hilo. Mwenye nyumba akiambiwa amfunge mbwa kabla fundi hajaingia, walau hubaki sebuleni kuangalia kinachotendeka. Hapa mwenye mali hufunga mbwa, akaondoka, akaacha na nenosiri.

Linux ni njia nyingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na tangu hapo imejengwa na maelfu ya watu na makampuni duniani. Simu yoyote ya Android mliyo nayo mfukoni imesimama juu ya kiini hicho hicho. Kiini hicho huvikwa nguo tofauti tofauti, kila moja na jina lake: Debian, Ubuntu, Linux Mint, Lubuntu na nyinginezo nyingi. Jina Ubuntu halihitaji kamusi kwetu; ni utu wetu huu huu kwa lugha za ndugu zetu wa kusini. Wala jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa kwa Kiswahili programu huru ya kazi za ofisini, wakaiita Jambo OpenOffice.

Tumesema “huru”, nasi tunaomba neno hilo lisichanganywe na “bure”. Uhuru ulio katika leseni ya Linux ni wa kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Ukiwa nayo kwenye flashi unaweza kumpa jirani, naye akampa shemeji yake, na hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa bei ya bando letu hilo si jambo dogo, maana faili la Linux Mint lina ukubwa unaokaribia GB 3. Fundi ana haki ya kudai ujira wa kazi yake na hata gharama ya kunakili. Lakini akikuambia kuwa Linux Mint inahitaji “ufunguo wa leseni” utakaolipiwa kila mwaka, anakuuzia kitu kisichokuwapo. Kauli ya namna hiyo ni udanganyifu kwa mlaji, na tunaomba mtuletee pamoja na risiti.

Sasa, ni mashine ipi inayofaa? Linux Mint inahitaji prosesa ya biti 64, RAM isiyopungua GB 2 na nafasi ya GB 20 katika diski. Ila kwa kazi ya starehe tunashauri RAM ya GB 4, na chaguo jepesi la Mint liitwalo Xfce, au Lubuntu. Toleo la 22 la Mint, lililotoka mwaka 2024, limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029. Kompyuta ya biti 32 tusiifanyie mzaha wa matumaini: mifumo mikubwa imeendelea kuziacha moja baada ya nyingine. Aidha, mashine inapolegea, mara nyingi mkosaji ni diski ya kuzunguka, ile inayotoa sauti. Kuibadilisha kwa diski ya SSD huleta nafuu ambayo mfumo mpya peke yake hauwezi kuileta, na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, tungeanza na hiyo. Diski ya zamani ni mali yako. Idai, uondoke nayo, kwa sababu kila ulichowahi kuandika bado kimo.

Jambo linalotupendeza zaidi katika Linux ni kwamba unaweza kuionja kabla ya kuila. Fundi, au kijana yeyote mwenye uzoefu nyumbani, huandika faili la mfumo kwenye flashi tupu ya GB 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Faili hilo lipakuliwe kutoka tovuti ya waundaji wenyewe. Kompyuta huwashwa huku ikibonyezwa kitufe cha kuchagua pa kuanzia, ambacho katika mashine nyingi ni F12, na kwa baadhi ni Esc au F9. Mfumo mzima hufunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Utakuwa mzito kidogo, na hiyo ni kawaida ya flashi. Ukiwa humo, jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na hasa printa yako. Baadhi ya vifaa vya Wi-Fi hukataa mwanzoni. Unganisha simu kwa waya wa USB uazime intaneti yake mpaka programu ya kifaa ipatikane. Kama printa unayoitegemea kwa riziki imekataa kabisa, zima, toa flashi, na kompyuta itarudi kama ilivyokuwa.

Katika hatua hiyo hiyo ya kuonja ndipo mafaili yanapotolewa. Fungua diski ukiwa ndani ya flashi, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha peleka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili matatu manne kwa macho yako. Tunasisitiza kufungua, kuona majina yake hakutoshi. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tetesi tu. Baadhi ya diski zimefungwa kwa usimbaji wa Windows, nazo zitadai ufunguo wa kurejesha. Utafute ukiwa bado ndani ya Windows.

Wenye steshenari watapata faida ya ziada humo. Flashi za wateja zilizoshambuliwa na kile tukiitacho kirusi cha shotikati, ambazo Windows huzionyesha zikiwa tupu au zimejaa alama zisizofunguka, mara nyingi huonyesha mafaili yote zikichomekwa kwenye Linux. Kirusi hicho kiliyaficha tu, na programu yake imeandikwa kwa ajili ya Windows. Msielewe kwamba Linux haidhuriki. Masasisho yake nayo lazima yawekwe, na tovuti ya kitapeli inaiba nenosiri bila kujali uko kwenye mfumo gani.

Ni haki yenu pia kuambiwa isichoweza. Microsoft Office ya kusakinishwa na Photoshop hazina matoleo ya Linux. LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel na kuzihifadhi kwa muundo huo huo, ila mpangilio wa kurasa huweza kusogea, na majedwali yenye amri za kujiendesha huweza kugoma. Programu nyingi za mahasibu zimeandikwa kwa Windows peke yake. Anayetegemea programu ya namna hiyo kazini asikubali kushawishiwa, hata na sisi.

Kwa fundi, ulizeni maswali machache na majibu yaandikwe kwenye risiti: diski itafutwa nzima au sehemu, nakala iko wapi na nani ameifungua, ni mfumo gani na toleo gani linawekwa, na ujira ni kiasi gani. Fundi mwema hakasiriki kuulizwa. Ikitokea mafaili yamefutwa kwa bahati mbaya, zimeni kompyuta papo hapo wala msiiwashe tena mpaka ifike kwa mtaalamu wa kurejesha data. Katika diski ya kuzunguka kilichofutwa huweza kupatikana kama hakijaandikwa juu yake. Katika SSD matumaini ni madogo.

Yule katibu hakuyajua hayo. Aliitumia kompyuta kwa majuma matatu, akiingiza hesabu mpya kila Jumamosi, kabla ya kuja kwetu. Tuliwakutanisha na fundi, naye akarudisha ujira wote na kumlipia mtaalamu, ambaye alipata mafaili machache yaliyokatika katikati. Mengine akina mama waliyajenga upya kutokana na vitabu vya wanachama, wakikaa jioni baada ya jioni kwenye ukumbi wa shule. Mikopo miwili bado ina ubishi. Kompyuta wanaendelea kuitumia, na Linux imebaki humo. Kila Jumamosi kabla ya kufunga mkutano mweka hazina hunakili jedwali kwenye flashi, kisha hulifungua kwenye kompyuta ya mwalimu mkuu, wanachama wawili wakiwa wamesimama nyuma yake.