Oksijeni ya Ndege si ya Wodini: Kanuni za Usalama wa Abiria na Mgonjwa wa Rufaa kutoka Simiyu

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Bariadi hupitia Lamadi hadi hospitali ya Bugando jijini Mwanza, na akihitaji bingwa wa moyo, mara nyingi safari huendelea hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kutoka Mwanza kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa ndege ni muda mfupi tu. Ndiyo maana familia yenye uwezo, au iliyochangiwa na ndugu, huchagua ndege, na katika kuamua hivyo huwa kuna mtu anayewatoa wasiwasi wenzake kwa kusema kwamba ndani ya ndege oksijeni ipo. Ni kweli ipo. Lakini ninachotaka kukionyesha katika mada hii ni kwamba oksijeni hiyo imewekwa na kanuni kwa kazi moja: kumpa abiria mwenye afya dakika chache za kubaki na fahamu wakati rubani anaishusha ndege. Kanuni hazikuahidi zaidi ya hapo. Kwa hiyo usalama wa abiria mgonjwa huamuliwa kabla tiketi haijakatwa, na kwa mkoa wetu mtu wa kwanza katika uamuzi huo anapaswa kuwa daktari anayeandika barua ya rufaa.

Tuanze na kanuni zenyewe. Msingi wake ni Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Na tangu 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake, CASSOA, mwenye makao Entebbe, anayezisaidia nchi wanachama kuoanisha kanuni zao. Kanuni hizo zinafuata mwinuko. Ndege isiyo na mgandamizo wa hewa wa kutengenezwa, kama zile ndogo zinazopeleka watalii Seronera, ikiruka kati ya futi 10,000 na 13,000 kwa zaidi ya nusu saa inatakiwa iwe na oksijeni ya marubani na wafanyakazi wengine wote wa ndege, na ya sehemu ya kumi ya abiria. Ikivuka 13,000, kila aliyemo lazima awe na yake. Ndege kubwa zenye mgandamizo zinazopita juu ya futi 25,000 zinatakiwa kubeba akiba isiyopungua dakika kumi kwa watu wote waliomo kwenye chumba cha abiria, na zile zilizopata cheti cha kwanza cha kuruka kuanzia Novemba 1998 ziwe na barakoa zinazojishusha zenyewe. Idadi ya barakoa lazima izidi viti kwa angalau asilimia 10. Nyongeza hiyo ina sababu zinazoeleweka: mtoto mchanga aliyepakatwa hana kiti, na mtu anaweza kukutwa na dharura akiwa amesimama njiani. Ndiyo maana safu ya viti vitatu kwa kawaida hushushiwa barakoa nne.

Hapo huja lalamiko la kwanza. Abiria anayetoka Mwanza kwa ndege ya pangaboi, iwe ATR ya Precision Air au Dash 8 ya Air Tanzania, akiwasikiliza wahudumu kwa makini anaweza kugundua kwamba maelezo ya barakoa za kushuka kutoka darini hayamo. Akipanda Airbus A220 ya Air Tanzania yamo. Kwa nini watu wa mikoani wapunguziwe kinga? Swali ni la haki na linastahili jibu la hesabu. Katika futi 35,000 hewa ya ndani ikipotea, mtu ana kati ya nusu dakika na dakika moja ya akili timamu. Katika futi 25,000 ana dakika tatu hadi tano. Pangaboi hizo kwa kawaida zina kikomo cha futi 25,000, na kanuni zinaziruhusu zisiwe na barakoa kwa kila kiti kwa sharti kwamba ziweze kushuka salama hadi futi 13,000 hivi ndani ya dakika nne. Muda wa fahamu na muda wa kushuka vimepimwa kwa pamoja. Kuongeza barakoa bila kuongeza mwinuko ni kuongeza uzito na vifaa vya kukaguliwa, huku faida kwa abiria mzima ikiwa ndogo sana. Nayaona maelezo hayo kuwa yanatosha, ila kwa abiria mwenye afya tu. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo, ambaye damu yake tayari ina upungufu wa oksijeni akiwa ameketi nyumbani, hana dakika tatu hadi tano za mwenzake, na jedwali lililotumika kuipima kanuni halikumhesabu.

Sharti la kushuka lenyewe linategemea ardhi iliyo chini. Kati ya Mwanza na Dar es Salaam nchi ni ya kadiri, na futi 13,000 zinapatikana karibu kila mahali. Njia ya Mwanza kwenda Kilimanjaro ni nyingine kabisa: unavuka Serengeti, unapita nyanda za juu za Ngorongoro, kisha upande mmoja kuna Mlima Meru wenye mita 4,562, ambazo ni karibu futi 15,000. Kilele hicho kiko juu ya mwinuko ambao kanuni inadhani ndege itakuwa imeshuka na kutulia. Rubani anajua hivyo kabla hajawasha injini, kwa kuwa anapangiwa njia ya kukwepa. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba mtambo wa oksijeni ni kipande tu cha mpango mkubwa unaojumuisha ramani, uwezo wa ndege na mafunzo ya rubani. Kipande hicho kikitengwa na vingine hakimwokoi mtu.

Ushahidi mzito zaidi wa hilo ni ndege ya Helios namba 522, Boeing 737 iliyoondoka Larnaca, Cyprus, kwenda Athens tarehe 14 Agosti 2005. Swichi ya mgandamizo ilikuwa imeachwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono baada ya ukaguzi wa mafundi, na marubani hawakuiona. King'ora kilipolia walidhani ni onyo la jambo jingine. Barakoa za abiria zilishuka kama zilivyoundwa kufanya, na kila kilichotakiwa na kanuni kwa upande wa abiria kilifanya kazi. Lakini vikasha vya kikemikali juu ya viti huzalisha oksijeni kwa takribani dakika 12 tu, na ndege iliendelea kupanda hadi futi 34,000 kwa sababu marubani walikuwa wamepoteza fahamu. Ilizunguka angani hadi mafuta yakaisha, ikaanguka na watu wote 121. Dakika 12 ni nyingi mno kwa ndege inayoshuka, na si kitu kwa ndege isiyoshuka. Hakuna idadi ya barakoa ambayo ingebadilisha matokeo yale. Yangebadilishwa na mkono uliosoma orodha ya ukaguzi na kuirudisha swichi mahali pake.

Sasa tuje kwenye hali ya kawaida, ndege isipopata hitilafu yoyote, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa wetu anapoumia bila barakoa hata moja kushuka. Hewa ya ndani ya ndege haifanani na ya ardhini. Kanuni za uundaji zinataka mwinuko wa ndani usizidi futi 8,000, yaani kama mita 2,400, wakati Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupita ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwa basi la kwenda Arusha amekuwa karibu na mwinuko huo. Hapo kila pumzi inampa mtu oksijeni sawa na hewa ya pwani iliyopunguzwa kutoka asilimia 21 hadi kama 15. Mtu mzima husinzia kidogo, basi. Mwenye nimonia, mwenye moyo ulioshindwa kazi, au mwenye hewa iliyobaki kifuani baada ya upasuaji anaweza kufika uwanjani akiwa mahututi. Boeing 787 huweka mwinuko wa ndani futi 6,000, jambo jema sana, lakini ndege kama hiyo iliundwa kwa safari ndefu, na abiria wa rufaa hupanda inayopatikana siku hiyo.

Kwa mkoa wetu lipo suala moja linalonifanya nilisisitize hili kuliko ambavyo mtu wa Dodoma angelisisitiza, nalo ni selimundu. Utafiti uliofanywa kaskazini magharibi mwa Tanzania na kuchapishwa 2018 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba nusu ya vinasaba vya ugonjwa huo, na zaidi ya mmoja kati ya mia anao ugonjwa wenyewe. Hii ni kanda yetu. Aliyebeba nusu tu kwa kawaida hana la kuogopa katika ndege ya abiria, na ni vema tuseme hivyo waziwazi ili watu wasizuiwe kusafiri bure. Mwenye ugonjwa wenyewe ni tofauti: oksijeni ikipungua, chembe zake hujikunja na kuziba mishipa, na mwongozo wa kitabibu wa mashirika ya ndege unataka aliyepata shambulio la maumivu siku za karibuni apimwe na kuidhinishwa kwanza. Ni wazazi wangapi wa watoto hawa wamewahi kuambiwa hivyo kliniki? Swali hilo ni letu sisi watumishi wa afya, haliihusu TCAA.

Wapo watakaosema suluhisho ni rahisi: mgonjwa aje na mtungi wake. Kanuni za bidhaa hatarishi zinaruhusu mtungi mdogo wa oksijeni ya gesi usiozidi kilo 5 kwa matumizi ya tiba, lakini kwa idhini ya shirika tu. Oksijeni ya kimiminika hairuhusiwi kabisa. Anayeona huo ni urasimu akumbuke ValuJet namba 592, DC-9 iliyoondoka Miami tarehe 11 Mei 1996. Katika sehemu ya mizigo kulikuwa na vikasha vya oksijeni vilivyotolewa kwenye ndege nyingine. Vilitakiwa kufungwa vifuniko vya usalama, havikufungwa. Karatasi ziliviandika kuwa vitupu, na havikuwa vitupu. Kikasha cha aina hiyo kikifyatuka hupata joto la zaidi ya nyuzi 200 na kumwaga oksijeni hapohapo. Moto ulizuka, ndege ikazama katika kinamasi cha Everglades, watu 110 wakafa. Oksijeni haiwaki yenyewe, ila huufanya moto mdogo usizimike. Kwa hiyo mtumishi wa uwanja wa Mwanza anayekataa mtungi usio na kibali cha maandishi anafanya kazi yake sawasawa, hata kama mbele yake amesimama mama anayelia.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya wanaotaka mashirika yalazimishwe kutoa oksijeni ya tiba kwa kila anayeihitaji. Naielewa, na kwa sehemu nakubaliana nayo. Kanuni za Ulaya zinataka ndege zinazoruka juu ya futi 25,000 ziwe na oksijeni ya huduma ya kwanza kwa angalau asilimia mbili ya abiria. Katika A220 yenye viti 132, hao ni watu watatu. Lakini akiba hiyo ni ya waliozidiwa baada ya mgandamizo kupotea. Ukimpa mgonjwa aliyepangiwa safari, umeichukua kwa wale ambao iliwekwa kwa ajili yao. Ninachoweza kudai kwa haki ni kingine: shirika likiletewa fomu ya kitabibu iliyojazwa kikamilifu, lilazimike kujibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, liseme litatoa oksijeni au halitoi, na kwa bei gani. Familia ya Meatu iliyouza ng'ombe ili kulipia safari haipaswi kulijua jibu hilo ikiwa kaunta.

Wengine watahofia kwamba maelezo mengi yatawatisha abiria. Tarehe 17 Aprili 2018, injini ya ndege ya Southwest namba 1380 ilipasuka nchini Marekani, na picha zilizopigwa ndani zilionyesha watu wengi wamefunika mdomo na kuacha pua wazi. Hao walikuwa wamesomewa maelezo kama kawaida. Kilichokosekana ni kuyashika, na mtu huyashika akiwa ametulia, si akiwa ameshikwa na hofu.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na hospitali za wilaya zetu tano ziwe na nakala za fomu ya kitabibu ya mashirika yanayotua Mwanza, na barua ya rufaa iwe na mstari unaotaja kiwango cha oksijeni kwenye damu ya mgonjwa akiwa amepumzika, pamoja na neno la daktari kama anaweza kuruka au la. Kipimo cha kidole kinatosha kwa mwanzo. Mawakala wa tiketi wa Bariadi waulize swali moja kabla ya kupokea fedha: je, msafiri ni mgonjwa? Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kumtetea abiria, liombwe kufikisha elimu hii huku pia, kwa sababu safari ya ndege ya mtu wa Itilima huanzia kwenye zahanati yake. Na safari ya kurudi isisahaulike. Aliyepasuliwa kifua huondoka Dar es Salaam na karatasi ya kuruhusiwa inayoeleza dawa na tarehe ya kliniki; iongezwe tarehe ambayo anaweza kupanda ndege, na kama bado haijafika, karatasi hiyohiyo ieleze arudi kwa basi au asubiri.